Mcheza Kwao Hutunzwa: Habari za Chama cha Mpira cha Biashara United cha Mara

Leo tumekusudia kuwasimulia habari za chama kimoja cha mpira wa miguu, nacho ni chama cha Biashara United cha Musoma, katika mkoa wa Mara. Pengine mmoja wenu atauliza, "Je, mpira nao una historia? Si mchezo tu wa vijana, ambao filimbi ya mwisho ikipulizwa umekwisha?" Swali hilo ni la haki, nasi yatupasa tulijibu kabla ya kuendelea. Historia si habari za watemi na vita peke yake. Kila jambo ambalo watu wamelijenga pamoja, wakalitolea fedha na jasho, wakafurahi lilipostawi na kuhuzunika lilipoanguka, jambo hilo lina historia. Tena habari za jambo dogo lililo karibu nasi mara nyingi hutufundisha zaidi kuliko habari za mambo makuu yaliyo mbali.

Kwanza yafaa tuitazame nchi yenyewe. Mkoa wa Mara uko kaskazini ya Tanzania. Magharibi yake liko ziwa Victoria, mashariki ziko mbuga za Serengeti, na kaskazini ni mpaka wa Kenya, ambako watu huvuka pale Sirari. Mji mkuu wake ni Musoma, uliojengwa juu ya rasi yenye mawe makubwa inayoingia ziwani. Wajerumani waliweka boma hapo. Na baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 nchi ikawa chini ya utawala wa Waingereza, nao wakaendelea kuifanya Musoma kuwa mahali pa serikali, pa soko na pa meli za ziwani. Mtu atokaye Mwanza kwa njia ya barabara hupita Bunda, mji wa wakulima wa pamba, ndipo afike Musoma. Na upande wa bara, mbali kidogo na ziwa, kipo kijiji cha Butiama katika nchi ya Wazanaki. Hapo ndipo alipozaliwa Julius Kambarage Nyerere tarehe 13 Aprili, 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito, na hapo ndipo alipozikwa mwaka wa 1999.

Wenyeji wa mkoa huu si kabila moja. Wako Wajita na Wakwaya walio karibu na ziwa, Wazanaki, Waikizu, Wangoreme, Wakurya, Wajaluo, na wengine wengi wenye lugha zao na desturi zao. Wengine ni wavuvi, wengine wakulima, wengine wafugaji wa ng'ombe. Twalitaja jambo hili kwa sababu lina maana katika habari yetu. Watu wa lugha nyingi hawakutani kwa urahisi. Huhitaji mahali pa kukutania. Soko ni mahali pamoja, shule ni mahali pa pili, na uwanja wa mpira ni mahali pa tatu. Katika uwanja hakuna anayeuliza mfungaji wa bao amezaliwa katika ukoo gani. Bao likiingia, Mkurya humkumbatia Mjita asiyemjua hata kwa jina.

Basi mpira wenyewe ulifikaje katika nchi hizi? Ulianza pwani. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, walikuwa wakiucheza mchezo huu walioletewa na Waingereza. Toka pwani ulisafiri kwa njia nne: kwa shule, kwa misheni, kwa askari, na kwa makarani waliohamishwa kutoka boma moja kwenda boma jingine. Karani aliyezoea mpira Dar es Salaam, akipelekwa bara, hakukubali kukaa jioni bila mchezo. Mwalimu aliyefunzwa mpira chuoni aliuchukua pamoja na ubao na chaki hata kijijini kwake. Wala mpira haukutaka gharama nyingi. Palipokuwa hapana mpira wa ngozi, watoto walifunga matambara na majani ya migomba kwa kamba, wakasimamisha miti miwili, na mchezo ukaanza. Hivyo ndivyo unavyochezwa hata leo katika vijiji vingi.

Katika mkoa wa Mara shule zilikuwa na kazi kubwa. Mwaka wa 1934 Wamenoniti kutoka Marekani walianza kazi yao Shirati, na misheni nyingine nazo zilikuwa na shule zao. Serikali ilikuwa na shule yake ya Mwisenge katika mji wa Musoma, shule ya kulala, na mwaka huo huo wa 1934 ndipo kijana Kambarage alipotoka Butiama kwenda kusoma pale. Katika shule ya kulala watoto wa makabila mbalimbali walikula pamoja, walilala pamoja, na walicheza pamoja. Jambo hilo twaliona dogo siku hizi, lakini kwa wakati ule lilikuwa jambo geni. Na ni katika michezo ya namna hiyo ambamo vijana wa nchi hii walijifunza kutii filimbi ya mwamuzi asiye ndugu yao.

Wakati huo huo mpira ulikuwa ukipata utaratibu katika nchi nzima. Chama cha mpira cha Tanganyika kilianzishwa mwaka wa 1930. Dar es Salaam vilizaliwa vyama viwili ambavyo kila mtoto avijua: Yanga mwaka wa 1935, na mwaka uliofuata, 1936, chama ambacho baadaye kiliitwa Sunderland, na tangu 1971 kinaitwa Simba. Kenya na Uganda walikuwa wakishindania Kombe la Gossage tangu mwaka wa 1926. Tanganyika ikajiunga mwaka wa 1945, na haikupita miaka mingi ikalichukua kombe hilo mara tatu mfululizo, mwaka wa 1949, 1950 na 1951. Baada ya uhuru, mwaka wa 1965, ndipo ilipoanza ligi ya taifa, na mshindi wa kwanza alikuwa Sunderland.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, tueleze ligi ni nini, kwa ajili ya wale wasiofahamu. Mashindano ya kombe ni kama mapigano ya majogoo: anayeshindwa hutoka mara moja. Ligi haiko hivyo. Katika ligi kila timu hucheza na kila timu mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Mshindi hupata pointi 3, wakitoka sare kila mmoja hupata pointi 1, na aliyeshindwa hapati kitu. Mwisho wa msimu pointi huhesabiwa. Wa juu hupewa kombe; wa chini huteremshwa katika daraja la chini, na nafasi zao huchukuliwa na waliofanya vema huko chini. Kwa hiyo ligi haipimi nguvu za siku moja. Hupima subira, mpango, na fedha za mwaka mzima. Nalo neno hilo la fedha tulishike vema, maana tutalirudia.

Kwa muda mrefu kombe la ligi lilikuwa la watu wa Dar es Salaam. Si kwamba bara hapakuwa na wachezaji. Watu wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka kwa fahari kwamba Pamba ya Mwanza ilikuwa bingwa mwaka wa 1990. Lakini timu nyingi za mikoani zilipanda na kushuka, zikasahauliwa. Zilizodumu zilikuwa na mlezi mwenye nguvu nyuma yake. Tazameni majina yenyewe: Kagera Sugar na Mtibwa Sugar zililelewa na viwanda vya sukari, Tanzania Prisons na idara ya magereza, timu za JKT na jeshi, KMC na manispaa ya Kinondoni, na Azam na kampuni kubwa ya biashara. Mtoto mwenye mlezi hula hata siku ya njaa.

Chama chetu cha Musoma nacho kilianza kwa malezi ya namna hiyo. Kabla ya kuitwa Biashara United kilijulikana kwa jina la Polisi Mara, na kwa jina hilo kilikuwa kikicheza katika Ligi Daraja la Kwanza, ambalo lilikuwa daraja la pili kwa ukubwa baada ya Ligi Kuu. Timu za askari zina sifa zake. Askari hufika mazoezini kwa saa, hutii amri, na mwili wake umezoea kazi. Lakini askari ni mtu wa serikali. Leo yuko Musoma, kesho yuko Lindi. Tena raia wa kawaida huweza kuishangilia timu ya askari, lakini si rahisi aseme, "Hii ni yangu."

Msimu wa 2016/17 timu ilicheza ikiwa bado Polisi Mara. Msimu uliofuata, yaani 2017/18, iliingia uwanjani kwa jina jipya la Biashara United. Jina hili lastahili kufikiriwa. Biashara ndiyo kazi inayowakutanisha watu wa Mara: dagaa na sangara kutoka ziwani, ng'ombe kutoka malishoni, mahindi na mihogo kutoka mashambani, dhahabu kutoka machimboni, na bidhaa zinazovuka mpaka wa Sirari kila siku. Neno la pili ni la Kiingereza, na maana yake ni walioungana. Basi jina lote lilikuwa kama ahadi, kwamba timu hii si ya idara moja tena, bali ni ya mkoa mzima ulioungana kwa kazi yake.

Na jina jipya lilileta bahati upesi. Msimu ule ule wa kwanza Biashara United na Alliance ya Mwanza zilifaulu katika kundi lao, zikapanda Ligi Kuu pamoja na JKT Tanzania, African Lyon, KMC na Coastal Union. Hivyo mwaka wa 2018 Musoma ikawa mji wa Ligi Kuu. Mtu asiyeishi katika mji mdogo hawezi kufahamu maana ya jambo hilo. Maana yake ni kwamba Simba na Yanga, ambao wengi waliwasikia katika redio tu, sasa wangekuja wenyewe kwa miguu yao. Maana yake ni kwamba nyumba za wageni zingejaa, mama lishe wangeuza, waendesha pikipiki wangepata abiria, na jina la Musoma lingesomwa katika habari za jioni nchi nzima.

Ligi Kuu ya 2018/19 ilikuwa na timu 20, na kila timu ilicheza mechi 38. Hebu chukueni ramani, enyi wanafunzi, mwipime safari yenyewe. Kutoka Musoma kwenda Bukoba kucheza na Kagera Sugar ni kulizunguka ziwa. Kwenda Mbeya ni kuikata nchi toka kaskazini hata kusini. Kwenda Mtwara kucheza na Ndanda ni kufika karibu na Msumbiji. Na Dar es Salaam, ambako timu nyingi zilikuwa na makao yake, ni zaidi ya kilometa 1,000. Timu ya Dar es Salaam ikicheza na jirani yake hurudi kulala kwake. Timu ya mpakani hulala njiani. Kila safari ni mafuta, chakula, malazi na uchovu. Wachezaji wa Biashara walianza mechi nyingi wakiwa wamekwisha kushindana na barabara.

Hata hivyo walisimama. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu, lakini hawakushuka. Msimu wa pili, 2019/20, ligi ilisimamishwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ikaendelea mwezi wa Juni. Biashara wakabaki tena. Wakati huo waliongozwa na mkufunzi Francis Baraza kutoka Kenya, nchi jirani. Hapo twaona faida ya kukaa mpakani. Mpaka ni uzio kwa mtu mwoga, lakini kwa mtu mwerevu ni mlango.

Msimu wa tatu, 2020/21, ndio uliokuwa wa mavuno. Timu zilikuwa 18 na mechi 34. Ligi ilipokwisha, Simba ilikuwa ya kwanza, Yanga ya pili, Azam ya tatu, na Biashara United ya Musoma ya nne. Someni tena orodha hiyo. Watatu wa juu ni matajiri wa Dar es Salaam. Na mara baada yao, mbele ya timu zote za viwanda, za majeshi na za manispaa, imesimama timu ya mji mdogo wa ziwani. Katika Kombe la Shirikisho la nchi yetu nako walifika nusu fainali, wakacheza na Yanga mjini Tabora, wakafungwa bao 1 kwa bila. Yanga wakaenda Kigoma kukutana na Simba katika fainali.

Kwa kuwa mwaka ule Tanzania ilikuwa imepewa nafasi nne katika mashindano ya Afrika, mbili za Ligi ya Mabingwa na mbili za Kombe la Shirikisho la Afrika, nafasi ya nne ilitosha. Biashara United ikaandikwa katika mashindano ya bara zima pamoja na Azam. Haikuwa imepita hata miaka minne tangu ilipokuwa katika Daraja la Kwanza.

Mwezi wa Septemba 2021 Biashara ilikutana na timu ya Dikhil ya Djibouti, ikaitoa. Ndipo ikapangiwa mpinzani wa jina kubwa, Al Ahli ya Tripoli, katika nchi ya Libya. Mechi ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam katikati ya mwezi wa Oktoba 2021, na Biashara wakashinda mabao 2 kwa bila. Watu wa Mara hawakulala usiku ule. Timu yenye mabao 2 mkononi, tena ambayo haikuruhusu hata bao 1, yaweza kwenda ugenini, ikafungwa bao 1, na bado ikasonga mbele. Mlango wa hatua iliyofuata ulikuwa umekwisha kufunguliwa nusu.

Lakini wahenga walisema, kutangulia si kufika. Mechi ya pili ilikuwa ichezwe Libya baada ya juma moja tu. Matatizo ya safari ya ndege na vibali vyake hayakumalizika kwa wakati, na siku ya mechi ikafika timu ikiwa haiko uwanjani. Sheria ya mashindano haina huruma: asiyetokea ameshindwa. Biashara United ikaondolewa. Haikufungwa na Waarabu wa Tripoli, haikukosa penalti, wala haikuonewa na mwamuzi. Ilishindwa na umbali na karatasi.

Jambo hili twaliona kuwa ndilo kiini cha habari yote, nasi twawaomba mlitafakari bila hasira. Vijana 11 uwanjani walikuwa wamefanya kazi yao. Lakini nyuma ya vijana 11 pana kazi ambayo watazamaji hawaioni. Pana mtu wa kuandika barua mapema, mtu wa kutunza hati za kusafiria, mtu wa kukata tiketi, mtu wa kuhesabu fedha na kusema, "Zimepungua, tuanze kutafuta leo, tusingoje kesho." Timu tajiri huwaajiri watu wa kazi hiyo, na likitokea tatizo hulitatua kwa fedha. Timu ya mji mdogo haina fedha za kutatua matatizo. Kwa hiyo yaihitaji akili ya kuyatangulia. Shamba la maskini halina nafasi ya kupalilia kwa kuchelewa.

Baada ya huzuni hiyo mambo hayakurudi kama yalivyokuwa. Msimu wa 2021/22 ligi ilipunguzwa ikawa na timu 16. Ndiyo miaka ambayo fedha ziliongezeka katika mpira wa nchi: mwezi wa Mei 2021 shirikisho la mpira na kampuni ya Azam Media walikuwa wametia sahihi mkataba wa televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225 na zaidi. Lakini mvua ikinyesha, mwenye mtungi mkubwa huteka maji mengi. Mwisho wa msimu, mwaka wa 2022, timu mbili zilishuka moja kwa moja, Mbeya Kwanza na Biashara United. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu ile nafasi ya nne. Wasemao kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, hawakukosea.

Mwaka wa 2024 ilikaribia kurudi. Ilifika katika mechi za mchujo dhidi ya Tabora United, ambapo mshindi angecheza Ligi Kuu msimu uliofuata. Tabora wakashinda, na Musoma ikaendelea kungoja.

Sasa tuzitazame desturi za chama hiki, kwa maana chama hakijulikani kwa matokeo tu. Kwanza ni lakabu yake. Waandishi wa habari na mashabiki waliwaita "Wanajeshi wa Mpakani". Jina hilo lachukua sifa ya watu wa Mara, ambao tangu zamani wamejulikana nchini kwa ushujaa na kwa kuingia wengi katika jeshi na polisi, na lachukua pia mahali pao, pale ambapo nchi huishia. Mgeni alipokuja Musoma alijua kwamba anakwenda kupambana na askari wa doria.

Pili ni uwanja wake wa nyumbani, Uwanja wa Karume, uliopewa jina la Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Ni jambo zuri kulitazama: mji uliomlea Nyerere wawaita vijana wake wakacheze katika uwanja wenye jina la mwenzake wa Muungano. Si uwanja wa fahari kama ule wa Dar es Salaam, na ndiyo sababu mechi za Afrika zilichezewa mbali na nyumbani, kwa maana mashindano hayo hutaka uwanja uliokaguliwa na kukubaliwa. Hasara ya jambo hilo ilikuwa kwamba siku kubwa kupita zote katika maisha ya chama, watu wengi wa Musoma, Bunda na Butiama waliishuhudia katika televisheni za vibandani, si kwa macho yao wenyewe.

Tatu ni desturi moja ambayo hatuwezi kuisifu, lakini tukiificha tutakuwa waandishi wa historia wasio wakweli. Watu wengi wa Mara, kama walivyo watu wa mikoa mingine yote, wana mioyo miwili. Siku Biashara ikicheza na timu ndogo wao ni wana Mara. Siku Simba au Yanga ikija Musoma, nusu ya uwanja huvaa nyekundu au kijani, na kijana aliyezaliwa karibu na ziwa husikia mtani wake wa darasani akimzomea katika uwanja wake mwenyewe. Hatusemi kwamba ni dhambi kuwapenda Simba au Yanga. Twasema tu kwamba mshika mawili moja humponyoka, na mara nyingi linaloponyoka ni lile la nyumbani.

Nne, wala jambo hili si dogo, mpira wa Mara haukubaki kuwa mchezo wa wanaume. Bunda, mji ambao wengine waliuona kuwa njia ya kupitia tu, ulitoa timu ya wanawake ya Bunda Queens, ikacheza katika Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2023/24 pamoja na Simba Queens na JKT Queens. Wazee wetu wangeambiwa habari hizi wangedhani ni kitendawili. Lakini msichana akitia bao, mkoa hupata sifa ile ile aipatiayo mvulana, na mzazi mwenye busara hamnyimi mtoto wa kike ruhusa ya kucheza kwa sababu tu bibi yake hakucheza.

Je, twajifunza nini katika habari hizi? Twaona mambo matatu. La kwanza ni hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chama cha mpira, hata kiwe cha kijiji chenye jezi 11 na mpira mmoja, kiwe na daftari, na daftari lisomwe mbele ya watu. Watu hawachoki kutoa. Huchoka kutoa wasipojua walichotoa kimekwenda wapi.

La pili ni malezi. Kununua wachezaji kutoka mbali ni kama kununua maziwa kila siku. Kulea vijana wa shule ni kufuga ng'ombe. Mkoa wenye shule nyingi kama Mara hauna sababu ya kununua maziwa daima. Mwalimu anayewapanga watoto jioni uwanjani, akawafundisha kupokea mpira na kupokea kushindwa, anaijenga timu ya mkoa ingawa jina lake halitangazwi.

La tatu ndilo lile lililo katika kichwa cha mazungumzo haya: mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo ina pande mbili, nasi mara nyingi twasoma upande mmoja tu. Upande wa kwanza humwambia mchezaji acheze kwao. Upande wa pili huwaamuru watu wa kwao wamtunze. Biashara United ilitimiza upande wa kwanza. Ilicheza kwao, ikapeleka jina la Musoma katika orodha ya Afrika. Upande wa pili ni wajibu wa mfanyabiashara wa Mwigobero, wa mkulima wa Bunda, wa mfugaji wa Butiama, kila mmoja kwa kadiri yake. Haba na haba hujaza kibaba. Na tiketi moja inunuliwayo siku ya mvua, timu inaposhindwa, ina thamani kuliko kelele nyingi za siku ya ushindi.

Nanyi wanafunzi, tunayo kazi ya kuwapa. Katika kila kijiji yupo mzee aliyewahi kucheza mpira kwa miguu mitupu, katika timu ambayo jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote. Mwendeeni, mwamkieni kwa adabu, mwulizeni majina ya wenzake, uwanja ulikuwa wapi, mpira uliletwa na nani. Andikeni majibu katika daftari, mtie na tarehe. Habari za Ligi Kuu zitaandikwa na wengine. Lakini habari za kiwanja cha kijijini kwenu, msipoziandika ninyi, hakuna atakayeziandika.